Waliolala Nyumba ya Arobaini na Moja

Nina umri wa miaka kumi na saba na nimekwisha kustaafu. Msicheke. Kazi ya karani wa kuhesabu watu ina mwanzo na mwisho, na yangu ilikwisha siku niliporudisha mkoba, ubao wa kuandikia na chaki iliyobaki, nikatia sahihi kwamba nimevirudisha. Niliifanya likizo mbili: ya kwanza Iringa, ya majaribio, na ya pili kwetu Mbeya, hesabu yenyewe. Mwalimu wa jiografia ameniomba niwaandikie ninyi wa darasa la kumi, maana hesabu nyingine ikija mtatafutwa ninyi. Nilikubali upesi kwa sababu kuandika hakumlazimishi mtu kusimama mbele ya darasa. Habari za malipo sitaandika. Nitaandika yale niliyoyakuta milangoni.

Siku ya kwanza Iringa sikupiga hodi. Nilifika nyumba ya kwanza, nikasimama nje, nikakohoa kidogo, nikanyamaza, nikakohoa tena. Ndani mama mmoja wa Kihehe akapaza sauti, "Huko nje kuna mbuzi au mtu?"

"Mtu," nikasema.

"Basi piga hodi kama mtu."

Nikapiga hodi. Akatoka anajifuta unga mikononi. "Kamwene, karibu. Unauza nini?"

Nikamwambia siuzi kitu, nahesabu watu. Aliniangalia, kisha akawaita wenzake waje kuona. "Atatuhesabuje huyu na macho yake yako chini? Atahesabu miguu, atatupata mara mbili!"

Msimamizi wetu, Mwalimu Kihwele, alikuwa nyuma ya ukuta anasikiliza. Ndivyo alivyotufundisha: anakuacha uaibike kwanza, halafu anakuja. Alikuwa Mhehe, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na suruali yake ilibanwa vibanio vya baiskeli hata siku asiyokuja na baiskeli. Tulimwogopa. Alinivuta kando akasema, "Kijana, haya si kosa. Lakini wewe ukiona haya, mwenye nyumba anaona hofu. Mtu anayeogopa hahesabiki."

Jioni alituketisha kwenye madawati akatueleza kwa nini serikali inahangaika kupita mlango kwa mlango. Mji unakua, alisema, na hakuna ajuaye unakua kiasi gani. Bomba la maji linawekwa kwa kukisia, vitanda vya hospitali kwa kukisia, madarasa kwa kukisia. Ukikisia watu mia na wapo mia tatu, mia mbili watakunywa maji ya mtoni. Kwa hiyo anayeachwa kwenye fomu ameachwa pia kwenye bomba. "Si kuhesabu nyumba," alisema, "si kuhesabu wanaume peke yao kama wafanyavyo wa kodi. Ni roho. Anzeni na mtoto mchanga, kwa sababu ndiye anayesahauliwa."

Swali letu lilikuwa moja, na tulilikariri kama sala: *Ni nani waliolala katika nyumba hii usiku wa kuamkia leo?* Si nani anakaa hapa, si nani mwenyeji. Waliolala. Mtu aliyesafiri na kulala Chimala ahesabiwe Chimala, na mgeni wako uliyempa mkeka ahesabiwe kwako, kwa maana mtu hawezi kulala mahali pawili usiku mmoja. Mwenzetu mmoja wa nyuma akasema anamfahamu anayeweza. Mwalimu Kihwele hakucheka.

Kisha tuliapa. Tulinyoosha mkono mmoja mmoja tukasema kwamba tutakaloambiwa mlangoni hatutalipeleka kwa mtoza kodi, wala polisi, wala mwajiri wa mtu, wala kwa mama zetu. Mimi niliapa kwa sauti ndogo nikaambiwa nirudie. Labda ndiyo sababu kiapo kile kilinishika kuliko wengine. Niliapa mara mbili.

Hesabu yenyewe nilipangiwa Mbeya, pembeni mwa mji upande wa mlima, sehemu iliyokuwa imetiwa ndani ya mpaka wa mji si zamani. Watu wa pale walikuwa na nyumba zao na viazi vyao kabla mji haujawafuata. Nilipewa sehemu hiyo kwa sababu mama yangu ni Mnyakyusa na wengi wa pale ni Wanyakyusa waliohamia zamani. Mwalimu Kihwele, msimamizi wangu tena, hakujua Kinyakyusa zaidi ya salamu.

Kabla ya kuhesabu tulifanya mkutano na wakazi. Baridi ilikuwa kali, watu wamejifunika mablanketi mpaka puani, na nilishukuru kwamba sikuweza kuziona sura zao. Mzee mmoja akasimama. "Walikwenda Usangu wakahesabu ng'ombe," alisema. "Walipomaliza, wakasema ng'ombe wamezidi, wapunguzwe. Sasa mmekuja kwetu. Mkimaliza, nani atapunguzwa?"

Watu walicheka, ila kile kicheko hakikuwa kizuri. Mwalimu Kihwele akanisukuma mbele nijibu kwa Kinyakyusa. Nikasema yote: bomba, vitanda, madarasa, kiapo. Mwishoni, kwa sababu bado waliniangalia, nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya mafunzo. Nikasema, "Hakuna askari wala mesenja anayetumwa na Boma la serikali atakayekanyaga ua wa mtu kwa sababu ya hesabu hii." Mzee yule akaitikia, "Ndaga," yaani asante, akaketi. Mwalimu Kihwele aliniuliza nilichosema. Nikamwambia nimewatuliza.

Nyumba ninayotaka kuieleza niliiandika kwa chaki namba arobaini na moja. (Namba si hiyo, na majina nimeyabadili.) Mwenye nyumba alikuwa mjane, wote wakimwita Mama Asajile. Mle ndani nilimwona yeye, mkwe wake bibi kizee, binti mmoja mkubwa, na watoto watatu wadogo wakigombania kiazi cha kuchoma. Nikamsalimu, "Ugonile." Nikamweleza tena habari ya kiapo, nikamwambia asiache mtu hata mmoja. Kisha nikauliza swali letu kwa Kinyakyusa: waliolala hapa ni wangapi?

"Tisa," akasema.

Nami nimeona sita. Hapo kanuni ilinitaka nimwambie anitajie mmoja mmoja, huku nikikunja vidole. Lakini binti yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni ananitazama na kutabasamu, na mimi, nawaambia ukweli, nilitaka tu kuondoka. Nikajisemea wale watatu wako shambani. Nikaandika tisa. Niliandika vizuri sana, kwa wino.

Siku ya tatu Mwalimu Kihwele akaanza kukagua. Hupitia nyumba chache kati ya zile ulizoandika, bila kukuambia ni zipi, na kuhesabu vichwa upya. Mchana akanikuta kwenye kituo chetu ninakunywa uji. Hakuketi.

"Arobaini na moja. Umeandika tisa. Nimekuta sita, na majirani wanasema ni sita. Uliingia ndani, au uliandikia njiani?"

"Niliingia, mwalimu."

"Basi watatu wamefichwa. Fomu ikipishana kwa mmoja, ni bahati mbaya. Ikipishana kwa watatu, agizo ni kurudi pamoja na mesenja, nyumba ipekuliwe. Kesho asubuhi." Akaona uso wangu. "Si mimi niliyelitunga."

Nilimwambia kwamba niliwaahidi watu. Aliuliza nani alinituma kuahidi.

Nilikwenda kwa Mama Asajile jua likiwa bado juu ya mlima. Nilimkuta anamenya viazi. Nikamwambia kuna kosa, anitajie wote tisa. Aliweka kisu chini, akaanza kukunja vidole, kwa utaratibu, kama mtu asiyeona kosa liko wapi. Yeye, mkwe wake, binti, watoto watatu: sita. Kisha akageuka akaonyesha kwa kidevu pembeni mwa shamba la viazi, palipokuwa na matuta mawili yaliyozungushiwa mawe. "Baba yao," alisema, "na dada yao aliyekufa na surua. Nao wamelala hapa. Usiku ule na kila usiku."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kwetu hata salamu ni kulala: *ugonile*, umelala, unaulizwa hata saa tisa mchana. Na neno lilo hilo ndilo la aliye usingizini na la aliye kaburini. Kule Iringa nililikariri swali kwa Kiswahili, nikalihamisha kwenye lugha ya mama yangu kama mtu anavyohamisha chungu, bila kuangalia kilichomo. Wa nyumba arobaini za kwanza walinielewa kwa sababu waliniambia majina. Huyu nilimwachia neno peke yake.

"Basi ni nane, mama," nikasema. "Sita na wawili."

Kidole cha tisa kilikuwa bado kimesimama. Hakukikunja. Alitazama juu, kwenye dari linakokaushiwa mahindi kwa moshi wa jikoni.

"Asajile," alisema polepole. "Ulisema nisiache mtu."

Kisha akaniambia yote. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameandikwa kazi katika shamba moja la chai Mufindi, akatoroka kabla kipande chake, kadi ya siku za kazi ya mkataba, hakijaisha. Kutoroka kipande ni kifungo, nanyi mnajua. Alitembea kwa mguu mpaka Mbeya, akaumia njiani, na sasa mguu umevimba kama gogo, hawezi kushuka ngazi, sembuse kukimbia. Nikamwambia kesho anakuja mesenja. Mama Asajile hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Aliniuliza tu, "Yule uliyesema hatakuja?"

"Ndiye."

"Fomu si unayo wewe? Ibadilishe."

Fomu ilikuwa kwa Mwalimu Kihwele, kwenye mkoba wenye kufuli. Basi nikamwambia nitakavyosema: kwamba watatu wote ni wafu. Yeye akaokota kisu chake akaendelea kumenya viazi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuamini, nikadhani amekubali.

Asubuhi tulikwenda watu watatu. Mesenja alikuwa mtu wa Usangu, mzaliwa wa Rujewa, mrefu, na kofia yake ya kazi ilikuwa safi kuliko kitu kingine chochote katika mtaa ule. Alipoingia uani mlango wa jirani ulifungwa, na wa pili yake, na wa tatu. Niliisikia yote. Yule mzee wa mkutano alikuwa amesimama kwenye kona na blanketi lake, hakunisalimu.

Mesenja akaingia jikoni, akaitazama ngazi ya darini, akaweka mkono mmoja juu yake. Hakupanda. Aliuegemeza tu, kama mtu anayengoja kuambiwa panda.

Nikaanza kusema. Nilisema upesi mno, lakini Mwalimu Kihwele alielewa habari ya kulala, na kwa mara ya kwanza tangu Iringa nilimwona anacheka. "Loo! Kumbe tumehesabu makaburi!" Hata mesenja akatabasamu. Mwalimu akatoka nje kwenda kuyaona, sisi tukabaki. Akarudi, kicheko kimekwisha.

"Makaburi ni mawili. Wa tatu yuko wapi?"

"Ni mtoto, mwalimu," nikasema. "Alikufa angali mchanga. Hana tuta."

"Ngoja kwanza," mesenja akasema. Mkono ulikuwa bado kwenye ngazi. "Tangu tumeingia mtaa huu nasikia mnamwita huyu Mama Asajile. Asajile ni yupi kati ya hawa watoto?"

Watoto walimtazama mama yao. Mmoja alifungua mdomo, na dada yake mkubwa akamziba kwa kiganja kama anayemfuta kamasi.

"Ndiye huyo," nikasema. "Ndiye aliyekufa. Jina la mama lilibaki."

"Muulize mwenyewe," Mwalimu Kihwele akasema. "Nataka kusikia kwake. Muulize kwa lugha yenu."

Nilimgeukia. Nilijua kwamba juu ya vichwa vyetu, kati ya mahindi, kuna mtu anayesikia kila neno, tena kwa lugha yake. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, "Mama, nakusihi, sema tu amekufa. Neno moja, waondoke."

Alinyanyuka. Alikuwa mfupi, lakini sikuweza kumtazama usoni. Akanijibu kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza chumvi: "Nimezika wawili. Huyu simziki kwa mdomo wangu naye ananisikia. Hilo siwezi kulitamka. Sema wewe utakavyo, lakini usiseme nimesema mimi."

"Amesemaje?" mesenja akauliza.

Nawaandikia hili kama lilivyo, maana mkiwa makarani mtakuwa pia wakalimani na hakuna atakayewafundisha. Nilikuwa na uwongo tayari mdomoni. Lakini yeye alikataa uwongo nami nilikuwa ulimi wake. Nikasema, "Anasema amezika wawili. Na habari ya Asajile hawezi kuitamka."

Kila neno lilikuwa lake.

Niliona mkono wa mesenja unaiacha ngazi. Akavua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili. "Pole, mama," alisema kwa Kiswahili. "Hata wangu wa kwanza simtaji." Akainama, akatoka nje, akasimama uani amewapa mgongo wenye nyumba, kama ifanyikavyo msibani.

Mwalimu Kihwele hakutoka. Alinitazama mimi, akatazama ngazi, akamtazama mama, ambaye hakuwa analia. Sijui alijua nini. Alifungua mkoba akatoa fomu ya arobaini na moja, akaiweka juu ya ubao, akanipa kalamu.

"Kata hiyo tisa," alisema kwa sauti ya chini, "uandike waliolala hapa wakiwa hai. Ni wewe uliyeapa. Wangapi?"

Nikakata tisa kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyotufundisha, ili kosa lionekane. Sita ilikuwa rahisi. Sita ilikuwa salama, majirani wameisema, mwenyewe ameihesabu. Lakini mama yule aliyekataa kumzika mwanawe kwa mdomo alikuwa anautazama mkono wangu, na ingawa hakujua kusoma, nilijua kwamba nikiandika sita nitakuwa nimemzika mimi kwa wino. Nikaandika saba.

Mwalimu Kihwele aliisoma. Aliisoma muda mrefu kuliko tarakimu moja inavyohitaji.

"Wangapi, mwalimu?" mesenja akauliza kutoka uani. "Boma nitasema wangapi?"

"Utasema imesahihishwa," Mwalimu Kihwele akajibu. Akatia sahihi yake chini ya tarakimu, akaikunja fomu maandishi yakiwa ndani, akafunga mkoba. "Twende. Arobaini na mbili wanatungoja."

Hatukuwahi kulizungumza tena, ila siku ya kuagana, kabla hajarudi Iringa, aliniambia kwamba nilikosea mara mbili: kwanza kuandika bila kukunja vidole, pili kuahidi lisilo langu. Alihesabu mawili tu. Nilingoja la tatu, akapanda baiskeli.

Asajile amepona mguu na amevuka mpaka. Habari zake zimefika, ndiyo maana naandika. Kule mtaani sikusamehewa na wote. Yule mzee bado hapokei salamu yangu, kwa kuwa mesenja alikanyaga ua na mimi nilisema hatakanyaga, na katika hilo hana kosa. Ninyi msiahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwenu. Takeni majina, kunjeni vidole, anzeni na mtoto mchanga, na mkitafsiri swali, lijaribuni kwanza kwa bibi zenu.

Jumla ya mji wa Mbeya bado haijatangazwa. Wanasema karatasi zinajumlishwa huko mbali na itachukua muda. Wakiitangaza nitaisoma kama kila mtu, na sitaweza kujua kama wameijumlisha sawasawa. Ila yumo.